Nani Anampiga Nani?

Mchezo wa mieleka wa mezani uliundwa kwa ajili ya watu wawili. Kadi moja huku, kadi moja kule, dadu katikati. Anayeshambulia anarusha, anasoma kwenye kadi yake ni pigo gani limetoka. Anayeshambuliwa naye anarusha, anasoma kwenye kadi yake pigo limempata vipi: ameyumba, ameanguka, au amelikwepa na sasa zamu ni yake. Hivyo ndivyo Tom Filsinger wa Jamestown, jimbo la New York, alivyoiunda Champions of the Galaxy, iliyotoka mwaka 1986 na ambayo ina wapenzi wake mpaka leo. Wanamieleka wake ni wa kubuni, wanapigana mwaka 2087, na baadhi yao si binadamu. Baadaye kampuni yake ikatoa pia kadi za wanamieleka wa kweli wa enzi zilizopita, na hapo ndipo mashabiki wa mieleka ya televisheni walipopata wanachokitaka: kuwakutanisha mezani watu ambao ulingoni hawakuwahi kukutana.

Mwenye kadi za kutosha hakai muda mrefu na pambano la wawili. Siku moja atazimwaga zote mezani, ishirini au thelathini, na kutaka pambano la wote dhidi ya wote, lile ambalo anayerushwa juu ya kamba na kutua chini ameaga, na wa mwisho kubaki ulingoni ndiye mshindi. Kanuni za watu wawili hazimfikishi mbali hapo, naye huanza kutunga zake. Ni kama ludo: mchezo ni mmoja, lakini kila baraza lina lake la kusema juu ya anayepata sita mara tatu mfululizo.

Wengi wanapotunga kanuni hizo huanza na swali la nani atoke na kwa namba gani. Mimi naona wanaanzia pasipo. Katika pambano la wawili hakuna haja ya kuuliza anayepigwa ni nani, maana yuko mmoja tu. Wakiwa ishirini, hilo ndilo swali lenyewe. Nani anampiga nani, kwa nini huyu na si yule, na nani anamsaidia. Ukilijibu vizuri, namba zitajipanga. Ukiliruka, utakuwa unaendesha bahati nasibu yenye picha za wanaume waliovaa chupi.

Tuitazame hiyo bahati nasibu kwanza, kwa sababu ndiyo kanuni ya nyumbani iliyoenea kuliko zote. Kila mwanamieleka anarusha dadu mbili kwa zamu. Akipata 11 au 12, mtu mmoja anatoka. Dadu mbili zina matokeo 36, na matatu kati yake yanatoa 11 au 12, kwa hiyo kila mrusho una nafasi moja kati ya kumi na mbili ya kumtoa mtu. Wakiwa 20, wa kutoka ni 19. Kumi na tisa mara kumi na mbili ni 228, huo ndio wastani wa mirusho mpaka mshindi apatikane. Ukitumia sekunde kumi kwa kila mrusho, pamoja na kusoma na kuandika, ni dakika 38. Kwa upande wa muda, kanuni hii haina ubaya.

Ubaya wake ni kwamba kila kadi inaingia na nafasi ileile, asilimia tano, awe bingwa wa dunia au kijana aliyeletwa kujaza idadi. André the Giant, ambaye matangazo yalimpa kimo cha mita 2.24 na kilo zaidi ya 230, anageuka namba kati ya namba. Na hakuna aliyemchagua yeyote. Watu wanatoka, lakini hakuna aliyewatoa.

Mapambano ya namna hiyo, yasiyo na uchaguzi, yalikuwapo kweli, tena si mezani. Huko Marekani, hasa majimbo ya kusini, vijana weusi walifungwa vitambaa machoni, wakaingizwa ulingoni kwa pamoja na kuambiwa wapigane mpaka abaki mmoja, huku wazungu wakiwarushia sarafu. Ralph Ellison alilitia jambo hilo katika riwaya yake ya Invisible Man ya mwaka 1952, na hakulibuni. Beau Jack, bondia aliyekuja kuwa bingwa wa uzito mwepesi mwaka 1942, alipitia mapambano hayo akiwa kijana, kwenye klabu ya gofu ya Augusta. Kile kitambaa kilikuwa na kazi yake: kilihakikisha hakuna anayemchagua anayempiga, na watazamaji walicheka kwa sababu hiyo. Kwa hiyo historia ya pambano hili si safi, na mtu anayetunga kanuni zake kwa raha zake hana hasara akiijua.

Tukirudi kwenye mieleka, promota Roy Shire alikuwa akiandaa pambano kubwa la wote dhidi ya wote kila mwaka katika ukumbi wa Cow Palace, karibu na San Francisco. Pat Patterson, aliyeshindana huko miaka mingi, ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wa Royal Rumble, ambamo wawili wanaanza na wengine wanaongezeka mmoja mmoja kwa muda uliopangwa. Ya kwanza ilifanyika Hamilton, Kanada, tarehe 24 Januari 1988, watu 20, mshindi Jim Duggan. Mwaka uliofuata wakawa 30, na ile ya 1989 ni darasa tosha kwa mtunga kanuni za mezani, kwa hiyo nitaitumia sana.

Namba moja na namba mbili mwaka huo ziliwaangukia Ax na Smash, wawili wa timu moja, Demolition, mabingwa wa pamoja. Kengele ikalia, wakatazamana, wakaanza kupigana wao kwa wao. Kisha namba tatu akaingia: André. Ugomvi wao ukaisha palepale, wote wawili wakamgeukia yeye. Kanuni inayoweza kuzaa dakika hizo mbili ndiyo ninayoitafuta.

Ninachopendekeza ni hiki. Tengeneza rundo la pili la vipande vya karatasi, jina moja kila kipande, yawe ya waliomo ulingoni tu. Changanya. Kipande cha kwanza ni cha anayeshambulia, cha pili ni cha anayeshambuliwa. Mshambuliaji akirusha dadu mbili na kupata 9 au zaidi, amemfikisha mwenzake kwenye kamba. Hapo dadu zinarushwa tena, na mtu wa kawaida anaanguka kwa 8 au zaidi. Matokeo kumi kati ya 36 yanampeleka kwenye kamba, kumi na tano kati ya 36 yanamvusha. Ukizidisha, unapata karibu moja kwa tisa, haraka kidogo kuliko ile bahati nasibu, na zamu 160 na ushee zinatosha kuwamaliza watu ishirini. Lakini sasa kila anayetoka ametolewa na mtu mwenye jina, na jina hilo linaandikwa.

Kisha urafiki. Kabla ya pambano, andika nani ni timu moja na nani. Mtu akivuta jina la rafiki yake, anarusha dadu moja. Akipata 2 hadi 6, anakirudisha kipande na kuvuta kingine. Akipata 1, pigo limempata rafiki, na zamu inaendelea kama kawaida. Mara nyingi hakuna kitakachotokea. Lakini mwaka huohuo wa 1989, Hulk Hogan aliwasukuma nje watu wawili kwa pamoja, Bad News Brown na Randy Savage, na Savage alikuwa mwenzake. Savage akarudi ulingoni kumdai maelezo. Tarehe 2 Aprili mwaka uleule, huko Atlantic City, wawili hao walipigania ubingwa kwenye WrestleMania ya tano. Hiyo 1 ya dadu ina thamani kuliko 12 zote za jioni hiyo, kwa sababu inakupa pambano la mwezi ujao bila wewe kukaa chini na kulibuni. Urafiki ukivunjika hivyo, ufute kwenye daftari na uandike uhasama. Mahasimu nao wana kanuni yao: ukivuta jina la hasimu wako, unaongeza 1 kwenye mrusho wa kumfikisha kamba.

Namba moja na mbili wa aina ya Demolition, yaani marafiki wakiwa peke yao ulingoni, hawana wa kumrukia. Wapigane, bila dadu ya urafiki, mpaka wa tatu aingie. Akiingia tu, urafiki unarudi.

Sasa jitu. Hapa ndipo kanuni nyingi za nyumbani hufa, na ni kwa sababu ya hesabu. Mtu anajisemea kwamba jitu ni gumu kurushwa, basi lianguke kwa sita-sita peke yake, 12, nafasi moja kati ya 36. Sawa. Lakini likifika wawili wa mwisho, mwenzake anaanguka kwa matokeo 15 na lenyewe kwa moja. Yaani kati ya fainali 16 litashinda 15. Baada ya jioni mbili za namna hiyo hakuna atakayeomba mchezo tena.

Tiba si kulipunguzia jitu uzito. Tiba ni kuwaruhusu watu kusaidiana. Kila mkono wa ziada unaoongezeka kumbeba unaongeza 1 kwenye mrusho wa kuvuka kamba. Mtu mmoja peke yake anahitaji 12: nafasi 1 kati ya 36. Wawili wanahitaji 11: nafasi 3. Watatu, 10: nafasi 6. Wanne, 9: nafasi 10. Watano, 8: nafasi 15, na hapo jitu limekuwa mtu wa kawaida. Na nani anasaidia? Kila aliyemo ulingoni, isipokuwa rafiki wa jitu, anarushiwa dadu moja, mwenye 6 anajiunga. Chota dadu gao zima, zimwage mezani, hesabu sita. Wakiwepo wengine 18 ulingoni, watatu hivi watajiunga, jumla wanne na mshambuliaji. Wakiwepo sita, atajiunga mmoja hivi. Akibaki mmoja tu na jitu, hakuna wa kuitwa.

Matokeo yake ni kwamba jitu lina hatari kubwa ulingo ukiwa umejaa, na hatari hiyo inapungua kila mtu anapotoka. Wanaotaka kulitoa wana haraka ya kweli. Mwaka 1986, kwenye WrestleMania ya pili, pambano la watu 20 lililochanganya wanamieleka na wachezaji wa mpira wa Kimarekani, akiwamo William Perry, lilibakiza watatu: André na wawili wa timu moja, Bret Hart na Jim Neidhart. Mikono miwili, nafasi tatu kati ya 36. André akawatoa wote wawili. Bila shaka lile pambano lilipangwa, kama yote. Ninachofurahia ni kwamba dadu, zisizopangwa na mtu, zinakubaliana na waliopanga.

Mwaka 1989 André alitoka kwa njia ambayo dadu za kawaida hazina. Jake Roberts, ambaye yeye mwenyewe alikuwa ametolewa, alirudi na chatu wake. André aliogopa nyoka, akajitupa nje mwenyewe. Kwenye meza yangu kadi ya Roberts ina mstari mmoja ulioandikwa kwa penseli: akitolewa, anarusha dadu mbili, na akipata 10 au zaidi, André kama yumo anatoka bila kurushiwa chochote. Ni kanuni ya kadi moja dhidi ya kadi moja na haina haki hata kidogo. Nisingeifuta kwa lolote.

Kwa waliotolewa kwa jumla, kuna kanuni ya mkono wa nje. Mwaka huohuo Hogan alitolewa na Akeem na Big Boss Man waliomshambulia kwa pamoja, naye akamvuta Boss Man kutoka chini akamtoa. Mwaka 1992 alirudia: Sid alimtoa, yeye akamng'ang'ania mkono akiwa nje, na Ric Flair, aliyeingia namba tatu, akamsukuma Sid kwa nyuma na kuchukua mkanda. Kwa hiyo aliyetolewa apewe mrusho mmoja, dadu mbili. Akipata 12, aliyemtoa amefikishwa kamba palepale. Wengine hutumia 11 na 12, wakaishia na nusu ya ulingo ukivutwa na maiti. Kaa na 12.

Miguu ni jambo lingine, na hapa nina kanuni ninayoipenda kuliko zote. Kutolewa maana yake ni miguu yote miwili kugusa sakafu. Mwaka 1995 Shawn Michaels na British Bulldog walianza namba moja na mbili, wakabaki wawili wa mwisho. Bulldog akamrusha Michaels, muziki wa ushindi wake ukapigwa, akapanda kona kushangilia. Michaels alikuwa ameshika kamba na mguu mmoja tu ndio uliogusa chini. Akarudi akamsukuma.

Mezani, basi, kila mguu una dadu yake. Mtu akivuka kamba, rusha dadu mbili za rangi tofauti, moja ya kulia, moja ya kushoto. Mtu mwepesi, mguu unagusa kwa 1 hadi 3; ili atoke lazima yote miwili iguse, yaani nafasi moja kati ya nne. Mtu wa kawaida, 1 hadi 5, na hutoka mara 25 kati ya 36. Jitu halina mrusho, likivuka limekwenda. Mguu mmoja ukigusa na mwingine ukabaki, anarudi ulingoni, na aliyemrusha hajui: zamu inayofuata ni ya aliyerudi, bila kuvuta karatasi, na anayeshambuliwa ni yuleyule aliyemrusha, na mrusho wa kamba hauhitajiki, tayari yuko kwenye kamba anashangilia. Ukiona watu wazima wawili wameinamia dadu nyekundu iliyoegemea ukingo wa sahani, wakibishana kama mguu wa kushoto umegusa au la, ujue kanuni hii inafanya kazi. Dadu iliyoegemea hurushwa upya.

Kwa pambano la kuingia mmoja mmoja, usitumie saa. Televisheni inaweza kuhesabu dakika mbili, au sekunde 60 kama mwaka 1995. Mezani saa inamwadhibu anayesoma kadi polepole. Hesabu zamu. Kwa namba nilizotoa, pambano likiwa la watu 30 na mtu mpya akiingia kila zamu sita, namba 30 akiingia ulingo utakuwa na watu kumi na mmoja hivi pamoja naye, na zaidi ukihesabu miguu. Ukiweka zamu tisa, miguu kando, kila anayeingia anakuwa badala ya aliyetoka, na utakaa usiku kucha unatazama watu wawili watatu. Mtu akibaki peke yake, mwite anayefuata mara moja.

Idadi isizidi 30. Jeddah, Saudi Arabia, Aprili 2018, waliingia 50, na Daniel Bryan aliyeanza namba moja alikaa ulingoni zaidi ya saa moja na robo kabla ya kutolewa. Aliyeshinda ni Braun Strowman. Kinachokumbukwa zaidi ni Titus O'Neil aliyekuja mbio, akajikwaa na kuteleza kifudifudi mpaka chini ya ulingo. Hilo nimelikubali: kila anayeingia anarushiwa dadu mbili, na moja-moja ni kujikwaa. Anapoteza zamu yake ya kwanza, na waliopo mezani wana haki ya kumcheka.

Wawili wakianguka pamoja, televisheni imewahi kutoa majibu mawili. Mwaka 1994 Bret Hart na Lex Luger walitangazwa washindi wote. Mwaka 2005 John Cena na Batista walianguka kwa pamoja, na pambano likarudishwa. Chukua la 2005. Ushindi wa watu wawili mezani hauna anayeutaka, na mwenye kadi ya Luger atakukumbusha mwaka mzima.

Linabaki suala la wawili wa mwisho. Kuna wanaosema hapo karatasi ziwekwe kando, kijitabu kifunguliwe, wamalizane kwa kanuni za kawaida mpaka mmoja abanwe mabega kwa hesabu ya tatu. Siafiki. Mtu ametumia saa nzima akiangalia kamba. Usimwambie sasa kamba si kitu. Wabaki na dadu zilezile, 9 ya kufika kamba, 8 ya kuvuka, miguu miwili. Karatasi pekee hazihitajiki tena, kwa sababu swali la nani anampiga nani limejijibu. Washambulie kwa kupokezana, na wa kuanza awe aliyeingia mapema zaidi.